Shajara ya mradi: kuzitambua mashine za saa za kale za Mji Mkongwe kwa kuzitazama

Machi 2. Lengo na msimamo

Mradi huu unahusu saa za ukutani na za mezani zilizobaki katika nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja. Ninakusudia kuandika, kwa kila saa ambayo mwenyewe ameridhia itazamwe, mashine iliyomo ndani ni ya aina gani, imetoka nchi gani, na pale inapowezekana imetoka kiwanda gani na katika kipindi gani, bila kulegeza hata skrubu moja ya mashine yenyewe. Sharti hilo lina sababu mbili. Saa hizi ni urithi wa watu, na wengi wao hawangependa kuuona umetandazwa vipande vipande mezani. Tena mashine ambayo kamani zake, yaani chemchemi zinazoipa nguvu, zimejazwa ufunguo ina nguvu ya kuvunja meno ya magurudumu na kumuumiza vidole yeyote anayeifungua kabla ya kuzilegeza, na kazi hiyo ni ya fundi saa mwenye zana zake.

Kinachonisukuma ni hali ninayoikuta kila mtaa. Saa ikisimama hupelekwa dukani, mashine ya zamani hung'olewa ikatupwa au ikauzwa kwa uzito wa shaba, na nafasi yake huchukuliwa na mashine ndogo ya betri. Sanduku linarudi ukutani na uso ule ule, mgeni akiingia anaambiwa hii ni saa ya babu, lakini kitu pekee kilichokuwa na uwezo wa kueleza saa ilitoka wapi kimekwisha kwenda. Mnara wa saa wa Beit al-Ajaib ulipoanguka pamoja na sehemu ya jumba hilo Desemba 2020, mji mzima ulishtuka, na ulikuwa na haki ya kushtuka. Saa za majumbani zinapotea moja moja na hakuna anayeziandika.

Msimamo utakaoongoza shajara hii ni kwamba jina lililoandikwa usoni ndilo ushahidi dhaifu kuliko wote. Uso unaweza kubeba jina la muuzaji wa Bombay, wa Hamburg au wa Unguja yenyewe, kwa kuwa wauzaji waliagiza saa na kuziwekea majina yao. Sanduku nalo linaweza kuwa la seremala wa hapa aliyelitengeneza baada ya la kwanza kuliwa na mchwa. Mashine ndiyo inayobeba alama za mikono na mitambo iliyoiunda, na alama hizo zinaonekana kwa macho kwa mtu anayejua pa kutazama.

Machi 9. Saa zilifikaje

Sitakaa sana hapa, ila ni vizuri kujua mapema ni nini kinachotarajiwa. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, ubalozi mdogo wa Marekani ukafunguliwa Unguja mwaka 1837, na meli za Salem, Massachusetts, zikazoea bandari hii kiasi kwamba kitambaa cha pamba walicholeta bado tunakiita merikani. Nyumba za biashara za Hamburg, kama O'Swald na Hansing, nazo zilikuwa na mawakala hapa katika karne ya 19. Ongeza wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa na jamaa zao Bombay, na serikali ya Waingereza iliyoingia kwa himaya ya 1890. Kwa njia hizo natarajia kukuta kazi za Connecticut ya Marekani, za Ujerumani, za Ufaransa na za Uingereza katika mtaa mmoja, wakati mwingine katika sebule moja.

Machi 17. Vifaa na utaratibu wa kutazama

Vifaa ni vichache: tochi yenye mwanga laini, kioo kidogo chenye mpini kama cha daktari wa meno, lenzi ya kukuzia, rula ya milimita na simu ya kupigia picha. Picha hupigwa kwanza, kabla ya kugusa na kabla ya kupangusa vumbi, kwa sababu hata mahali vumbi lilipokaa na mahali kutu ya kijani ilipoota huonyesha kipande gani hakijaondolewa kwa miaka mingi na kipi kilifungwa juzi. Nimewaomba wenye nyumba wasinisafishie saa kabla sijafika. Wengine wameona ajabu, lakini wamekubali.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuona ndani ya saa, niseme kwamba mashine ya kawaida ina mabamba mawili, la mbele na la nyuma, yaliyoshikanishwa kwa nguzo fupi, na kati yake mihimili ya magurudumu inazunguka. Nguvu hutoka kwenye kamani au kwenye uzito unaoning'inia, hupita gurudumu hadi gurudumu, na mwishoni hukutana na kizuizi kinachoiachia jino moja moja kwa kufuata mwendo wa penduli. Kipande kinachoachia na kuzuia nitakiita nanga, na gurudumu lake nitaliita gurudumu la nanga. Saa inayopiga kengele ina mfululizo wa pili wa magurudumu kwa ajili ya kupiga.

Utaratibu wangu huanza na umbo na unene wa mabamba, ukaja kwenye kamani, kisha pinioni (vigurudumu vidogo vyenye meno machache), nanga, namna saa inavyohesabu mapigo ya kengele, na chapa zilizogongwa kwenye shaba huja mwisho kabisa. Nimeziweka chapa mwisho kwa makusudi. Mtu akisoma jina kwanza, macho yake huanza kutafuta yale yanayoafikiana na jina hilo na kuyaruka yanayolipinga, ilhali mashine nyingi za zamani zimepata bamba, kamani au penduli ya saa nyingine.

Aprili 4. Kazi ya Connecticut

Saa ya kwanza niliyoiandika kikamilifu iko mtaa wa Malindi wa hapa Mji Mkongwe, katika sanduku la ukutani lenye pande nane juu na kidirisha cha penduli chini. Mwenyewe aliutoa uso, na mashine ikawa wazi mbele yangu. Mabamba ni ya shaba nyembamba, yamekatwa kwa mtambo wa kubana, na sehemu kubwa katikati zimetobolewa ili kuokoa shaba, hivi kwamba magurudumu yanaonekana karibu yote. Kamani mbili ziko wazi bila kasha lolote, na ncha ya nje ya kila moja imenasa kwenye nguzo. Pinioni hazikuchongwa kutoka kwenye chuma kizima: kila moja imeundwa kwa vijiti vya chuma vilivyopangwa kwa duara kati ya visahani viwili vya shaba. Nanga ni ukanda wa chuma uliopindwa ncha zote mbili, nayo pamoja na gurudumu lake vimewekwa mbele ya bamba la mbele.

Dalili hizi nne zikikutana, yaani mabamba yaliyotobolewa, kamani wazi, pinioni za vijiti na nanga ya ukanda uliopindwa, huwa tumo ndani ya namna ya kazi iliyozaliwa Connecticut. Chanzo chake ni uchumi. Eli Terry alipewa mwaka 1807 kandarasi ya mashine 4,000 za mbao, na ndiye aliyeonyesha kwamba vipande vya saa vinaweza kutengenezwa kwa wingi na kubadilishana. Mbao hata hivyo huvimba kwa unyevu, na safari ya baharini iliziharibu. Mwishoni mwa miaka ya 1830 Chauncey Jerome na ndugu yake Noble walileta mashine nafuu ya shaba iliyokatwa kutoka kwenye mabamba yaliyoviringishwa kiwandani, na tangu hapo saa za Marekani zikaweza kuvuka bahari yoyote. Jerome alipopeleka shehena zake za kwanza Uingereza mwaka 1842, maofisa wa forodha waliona bei aliyoiandika ni ndogo mno kuwa ya kweli, wakazinunua wao wenyewe kwa bei hiyo, naye akafurahi kuuza shehena nzima kwa mkupuo mmoja.

Chapa ya saa ya Malindi, nilipoifikia mwishoni, ilisomeka Ansonia Clock Co., New York, pamoja na tarehe ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mwaka 1881. Hapa pana jambo linalowapotosha wanunuzi wengi. Tarehe ya hataza haisemi saa ilitengenezwa lini. Inasema tu kwamba saa haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, na kiwanda kiliweza kuigonga tarehe hiyo hiyo kwa miaka mingi baadaye. Neno New York linaafikiana nayo, kwa sababu kampuni ilihamishia kazi yake Brooklyn, New York, mwishoni mwa miaka ya 1870, na kazi za mwanzo hutaja Connecticut. Nimeandika katika rejista: Marekani, Ansonia, baada ya 1881.

Aprili 21. Wajerumani wa namna mbili

Sehemu hii imechukua muda mrefu kuliko nyingine zote, na inastahili, kwa sababu saa nyingi ninazozikuta ni za Ujerumani na nusu yake hudhaniwa kuwa za Marekani.

Namna ya kwanza iliundwa kwa kuwafuata Wamarekani waziwazi. Kiwanda cha Junghans kilianzishwa Schramberg, katika Msitu Mweusi, mwaka 1861, na kikaleta kutoka Marekani mitambo na utaratibu wa kutengeneza kwa wingi. Kampuni jirani ya mji huo huo ilibeba hata jina la Hamburg-Amerikanische Uhrenfabrik. Mashine zao zina kamani wazi na pinioni za vijiti kama za Connecticut, na mtu akiishia kwenye dalili hizo ataandika Marekani pasipo na Marekani. Tofauti huanza kuonekana katika chapa. Junghans hugonga nyota yenye ncha nane na herufi J katikati, na ile kampuni jirani hugonga mishale miwili iliyopishana. Mashine nyingi za Junghans huongeza fumbo dogo lenye faida kubwa, yaani herufi A au B ikifuatwa na tarakimu mbili, ambapo A ni nusu ya kwanza ya mwaka na B ni nusu ya pili. Saa niliyoiona Vuga ina B 11, maana yake nusu ya pili ya 1911. Ni mara chache sana saa ya ukutani inataja umri wake kwa uwazi wa namna hiyo, na alama yenyewe ni ndogo kiasi kwamba bila lenzi na mwanga wa pembeni ingepita bila kuonekana.

Namna ya pili ni ya Kijerumani kamili. Mabamba ni mazito, mazima, yamesuguliwa vizuri, na kamani zimefungwa ndani ya makasha ya shaba yenye meno pembeni. Pinioni ni za chuma kizima kilichochongwa. Kasha la kamani si pambo: kamani iliyo wazi ikikatika huchapa kila kilicho karibu nayo, na iliyo ndani ya kasha hukatikia humo humo, ingawa hata hapo mshtuko wake unaweza kung'oa meno. Katika kundi hili saa ninazozikuta zaidi ni za Gustav Becker, kiwanda kilichokuwa Freiburg ya Silesia, mji ambao leo uko Poland kwa jina la Świebodzice. Alama yake ni herufi G na B pamoja na mchoro wa nanga ya meli na taji, na chini yake namba ya mfululizo. Namba hizo ni hazina, kwa sababu kiwanda kilifikia saa ya milioni moja takriban mwaka 1892, hivyo saa yenye namba chini ya hapo na saa yenye namba juu ya hapo huweza kutenganishwa papo hapo. Itakumbukwa lakini kwamba kiwanda hicho kilikuwa pia na tawi huko Braunau lililohesabu namba zake peke yake, kwa hiyo namba ndogo pekee haitoshi kumfanya mtu aseme saa ni kongwe, mpaka mabamba na nanga vikubaliane nayo.

Maandishi mengine ya Kijerumani hutoa mipaka ya miaka hata pasipo jina la kiwanda. Maneno Made in Germany yalianza kwa lazima ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 kuhusu alama za bidhaa, na bidhaa zilizopita katika masoko ya Waingereza zililazimika kuyabeba. Herufi D.R.P. ni hataza ya dola ya Ujerumani, iliyokuwapo tangu 1877, na D.R.G.M. ni ulinzi wa umbo la bidhaa, uliokuwapo tangu 1891. Mashine yenye D.R.G.M. haiwezi kuwa ya miaka ya 1880, hata kama familia nzima inasimulia hivyo. Mzee mmoja wa Vuga nilimweleza jambo hili kwa upole, nikamwomba anisimulie upya, na ikadhihirika kwamba saa ya miaka hiyo ilikuwa nyingine iliyouzwa zamani, nayo hii ikachukua nafasi yake na hadithi yake.

Tazama pia gurudumu la nanga saa ikiwa inatembea. Likirudi nyuma kidogo baada ya kila pigo, hiyo ni nanga ya kurudisha, ya kawaida katika saa za nyumbani. Likisimama kabisa bila kurudi, ni nanga ya namna ya George Graham wa London, iliyotumika tangu takriban 1715, na katika saa za Kijerumani na za Vienna huashiria kazi ya daraja la juu. Kwa saa iliyosimama, umbo la ndimi za nanga hueleza jambo hilo hilo, ila huhitaji kioo na subira.

Mei 6. Japani

Nyumba mbili zimenionyesha saa zenye kamani wazi na pinioni za vijiti ambazo chapa zake si za Connecticut wala Schramberg. Hizi ni za Seikosha, kiwanda alichokianzisha Kintaro Hattori mjini Tokyo mwaka 1892 na kuanza na saa za ukutani zilizofuata mfano wa Marekani. Mashine ikiwa ya umbo la Kimarekani na chapa haisomeki, sasa naandika namna ya Kimarekani, siandiki Marekani, na tofauti hiyo ya maneno mawili imeokoa rejista isijae majina ya kubahatisha.

Mei 15. Saa ya mawe meusi ya Shangani

Saa hii ya mezani ina sanduku la mawe meusi yaliyong'arishwa, zito kiasi cha kuhitaji watu wawili kuigeuza, na uso wake una jina la muuzaji wa Bombay. Bibi mwenye nyumba aliamini daima kwamba ni saa ya Kiingereza kwa sababu jina limeandikwa kwa Kiingereza. Nilipofungua kifuniko cha nyuma, lile duara la mabamba lilijibu swali kabla sijasogeza tochi. Mashine za Kiingereza za mezani kwa kawaida zina mabamba ya pembe nne au yenye mabega, na Wafaransa wa karne ya 19 walitengeneza kwa wingi mashine ndogo yenye mabamba ya mviringo, iliyoingia katika tundu la mviringo la sanduku na kushikwa kwa mikanda miwili inayotoka kwenye uso kwenda kwenye kifuniko cha nyuma.

Dalili zilifuatana vizuri. Juu ya namba XII usoni pana tundu dogo lenye mhimili wa mraba, na kando yake herufi A na R. Hizo ni avance na retard, kuharakisha na kuchelewesha, na mhimili huo huinua au kushusha chemchemi inayoshika penduli, kwa namna iliyotokana na kazi ya familia ya Brocot ya Paris. Penduli ya Kifaransa ya kabla ya hapo ilining'inia kwa uzi wa hariri, nao uzi ukikutwa leo, mara nyingi saa ni ya nusu ya kwanza ya karne ya 19. Kwenye bamba la nyuma nilikuta gurudumu la kuhesabia likiwa nje kabisa, sahani yenye mapengo yasiyolingana ukingoni: kila umbali kati ya pengo na pengo huruhusu idadi fulani ya mapigo. Saa inayopiga saa kamili tu hupiga mapigo 78 katika muda wa saa 12, na hii ya Kifaransa, ambayo hupiga pia pigo moja kila nusu saa, hufikia 90. Gurudumu la namna hii haliangalii akrabu ziko wapi; hufuata zamu yake tu, na mtu akizungusha akrabu kwa pupa bila kungoja kengele imalize, saa huanza kupiga tano ikiwa inaonyesha saba. Mashine zenye reki, yaani mkono wenye meno, hazina kasoro hiyo, kwa sababu reki hupima kila mara ngazi ya kamu, sahani yenye vidaraja inayozunguka pamoja na akrabu ya saa.

Katika saa hii akrabu fupi imesogezwa ifuate hesabu yetu. Adhuhuri inaonyesha sita na kengele inapiga kumi na mbili. Hapana kilichoharibika: akrabu ya saa imeshikwa kwa msuguano tu kwenye mrija wake, na mtu wa zamani wa nyumba hii aliigeuza kwa vidole. Nimeiandika kama sehemu ya historia ya saa, na nimemwomba bibi asimruhusu fundi yeyote airekebishe.

Kisha namba. Chini ya bamba la nyuma zimegongwa namba ya mfululizo yenye tarakimu nne na, mbali kidogo, tarakimu 5 na 4 zilizoachana. Hizi mbili za mwisho ni urefu wa penduli kwa vipimo vya kale vya Ufaransa, yaani pouce 5 na ligne 4. Pouce ni milimita 27.07 na ligne ni milimita 2.256, kwa hiyo penduli iliyokusudiwa ina takriban milimita 144. Namba ya mfululizo imegongwa pia nyuma ya penduli yenyewe, na zimelingana. Hilo ndilo jambo lililonifurahisha kuliko yote katika mradi mpaka sasa, kwa sababu penduli ndiyo kipande kinachopotea kwanza saa inapohamishwa, na saa ya Kifaransa iliyobaki na penduli yake ya kuzaliwa, katika mji wenye kuhamahama kama huu, ni ya kuenziwa.

Chapa ya mviringo ilisomeka Japy Frères, Grande Médaille d'Honneur, na mwaka 1855. Familia ya Japy ilikuwa na viwanda Beaucourt tangu karne ya 18, na medali hiyo ni ya maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka huo. Mwaka wa medali ufasiriwe kama ule wa hataza: saa ni ya baada ya 1855, na yaweza kuwa ya miongo kadhaa baadaye. Mashine ghafi kama hizi zilitoka viwandani mikoani zikamaliziwa Paris, na muuzaji wa mwisho akaweka jina lake usoni. Kwa hiyo Bombay, Paris na Beaucourt zote ni kweli katika saa hii moja, kila mji kwa kazi yake.

Juni 3. Fuzee

Saa ya ukutani ya uso wa mviringo, isiyopiga kengele, inayosemekana ilitoka katika ofisi ya zamani ya serikali. Mabamba mazito ya pembe nne, nguzo nne zilizofungwa kwa pini za kupunguka, pinioni zilizochongwa. Kati ya mabamba yamo makasha mawili: moja silinda yenye kamani, jingine koni yenye mfuo wa kuzunguka, na mnyororo mwembamba wa chuma umeyaunganisha. Koni hiyo ndiyo fuzee. Kamani iliyojaa huvuta mahali koni ilipo nyembamba, na kamani inapochoka huvuta mahali ilipo pana, hivyo nguvu inayofika kwenye magurudumu hubaki karibu sawa kuanzia siku ya kwanza hadi ya nane. Waingereza waliishikilia kazi hii ya gharama muda mrefu baada ya wengine kuiacha katika saa za kawaida, na fuzee katika saa ya ofisi karibu daima ni Uingereza.

Juni 20. Urefu wa penduli katika latitudo yetu

Mwaka 1672 Jean Richer alipeleka saa ya penduli kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta, akaona inachelewa takriban dakika mbili na nusu kila siku. Mvutano wa dunia hupungua kuelekea ikweta, na penduli huenda polepole. Kwetu hali ni hiyo hiyo. Penduli ya kupiga sekunde moja, yenye milimita 994 huko London, hapa Unguja inatakiwa iwe na milimita 991, vinginevyo saa itachelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku.

Jambo hili lina faida ya moja kwa moja katika utambuzi. Kwa penduli fupi kama ile ya Shangani, marekebisho yanayohitajika ni chini ya nusu milimita. Basi nikikuta uzito wa penduli umepandishwa hadi mwisho wa skrubu yake, au kijiti kimekatwa na kuunganishwa, siwezi kuridhika na maelezo kwamba ni kwa ajili ya hewa ya pwani. Penduli hiyo ni ya saa nyingine. Pale meno ya magurudumu yanapohesabika, hesabu hutoa urefu sahihi: tuseme gurudumu la kati lina meno 80 na linaendesha pinioni ya 8, la tatu lina 96 na linaendesha pinioni ya 8, na la nanga lina 30. Kumi mara kumi na mbili mara thelathini, mara mbili kwa kuwa kila jino huleta mapigo mawili, ni mapigo 7,200 kwa saa. Mapigo hayo ni mawili kwa kila sekunde, na penduli yake hapa Unguja ni robo ya 991, yaani takriban milimita 248. Penduli ya milimita 200 ikining'inia hapo, haikuzaliwa hapo.

Julai 8. Matundu matupu na mikwaruzo ya mafundi

Matundu yasiyo na kazi kwenye bamba nayahesabu kuwa sawa na maandishi. Tundu safi, lenye ukingo uliosuguliwa pamoja na bamba, mara nyingi ni la kiwanda, kwa kuwa bamba moja lilitumika kwa mashine za aina mbili, inayopiga na isiyopiga. Tundu lenye ukingo mkali na mikwaruzo pembeni ni la mtu aliyekuja baadaye, na likiwa karibu na nanga, huenda nanga yote imebadilishwa. Katika saa za kale za Kiingereza za mezani ndivyo inavyogundulika kwamba kizuizi cha awali, kile cha gurudumu lenye meno ya taji, kiliondolewa na nanga ikawekwa.

Mafundi wa hapa walikuwa na desturi ya kukwaruza tarehe na majina yao kwa ncha ya chuma ndani ya bamba au nyuma ya uso, kila walipoifanyia saa kazi. Nimeona za herufi za Kigujarati, za Kiarabu na za Kilatini, wakati mwingine tatu katika bamba moja. Hataza na medali huweka mpaka wa chini, na mikwaruzo huweka mpaka wa juu: saa iliyokwaruzwa 1923 ilikuwapo 1923. Kwa saa moja ya Malindi, D.R.G.M. na mkwaruzo wa 1909 vimeubana umri wake kati ya 1891 na 1909, bila jina lolote la kiwanda kusomeka. Naomba mafundi wa leo wasizisugue alama hizi wanaposafisha shaba. Ndizo kumbukumbu pekee za mafundi waliozifanyia kazi saa za mji huu.

Julai 25. Fomu ya rejista

Fomu imekamilika na imeanza kutumika. Kila saa ina ukurasa mmoja wenye mafungu matatu yaliyotenganishwa, sanduku, uso na mashine, na kila moja linaandikiwa asili yake peke yake, hata kama yote matatu yanaonekana kuafikiana. Katika fungu la mashine, kila hitimisho linafuatwa na dalili iliyolileta na nguvu ya dalili hiyo: chapa kwenye bamba ni nguvu kamili, umbo la kazi ni nguvu ya kati, kengele na penduli ni nguvu ndogo kwa kuwa hubadilishwa kwa urahisi, na jina la usoni linaandikwa bila kupewa nguvu yoyote. Nakala moja inabaki kwa mwenye saa, imekunjwa na kuwekwa ndani ya sanduku, chini, mbali na penduli. Kwenye nakala hiyo nimeongeza mstari wa mwisho unaomwelekeza fundi ajaye kwamba mashine hii imeandikwa, na kwamba ikibidi kuwekwa ya betri, ya zamani ifungwe katika kitambaa na irudishwe nyumbani. Wenye nyumba wawili wa Shangani wameshaomba mstari huo uandikwe pia kwa Kigujarati, na tafsiri yake inatayarishwa kabla ya kuanza nyumba za Mkunazini.